Kibanio Kiliwekwa Wapi?

Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, gari liliacha kutii. Dereva aliuachia mkono wa chuma, aliotumia badala ya pedali, urudi mahali pake, pale ambapo mafuta hupaswa kukatika, lakini injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna aliyeiambia kitu. Mbele yake palikuwa na mita thelathini za uwanja mtupu, kisha rundo la kokoto, kisha ukuta wa karakana ya kaka yake. Akausukuma mkono mbele, upande wa breki, kwa nguvu zake zote. Mwendo ulipungua lakini gari halikusimama. Injini ilikuwa inavuta huku breki zikishika. Akaachia usukani, akazungusha ufunguo nyuma. Kelele ikakatika. Bampa likazama kwenye kokoto kiasi cha upana wa kiganja, na gari likatulia.

Kaka yake alikuja mbio, barakoa ya kuchomelea ikiwa imepandishwa juu ya paji la uso.

"Zima! Zima!"

"Nimeshazima."

"Zima tena!"

Nyuma yake alikuja mkewe, mshonaji, ambaye chumba chake cha cherehani kilikuwa ukuta mmoja na karakana. Alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni. Alimwangalia wifi yake kwanza, akaona mzima, ndipo akamgeukia mumewe.

"Kumbe mbio unazijua," alisema. "Siku zote nikikuita kula unakuja kama unaitwa mahakamani."

Mama yao hakukimbia. Alitembea kutoka mlangoni mwa karakana mpaka kwenye dirisha la gari, akainama, akalitazama bomba la inchi moja la ule mkono, lililotokeza kando ya usukani.

"Gari lilishakula miguu," alisema. Hakupaza sauti, angepaza ingekuwa afadhali. "Sasa unaliletea na mikono."

"Mama, limegusa kokoto tu."

"Leo kokoto."

Mtaa mzima ulimwita Dereva, ingawa alikuwa hajaendesha kitu barabarani kwa miaka minne. Kabla ya hapo aliendesha lori la tani kumi kwa miaka tisa. Lori hilo liliserereka kwenye mteremko wenye matope, likalala ubavu, na uti wake wa mgongo ukavunjika kiunoni. Miguu ilibaki ilipokuwa, ila haikuhisi chochote wala haikutii. Mwaka uliofuata alijifunza kiti cha magurudumu. Miaka miwili iliyofuata alisoma, kwa mpangilio, kila alichoweza kupata kuhusu magari yanayoendeshwa kwa mikono. Kisha akanunua gari dogo la otomatiki lenye umri wa miaka ishirini na miwili, lililokuwa limekufa, akalifufua kwa miezi saba.

Mkono wa chuma aliuchora mwenyewe. Ukiusukuma mbele, fimbo yake inakandamiza pedali ya breki. Ukiushusha kuelekea paja, fimbo nyingine inavuta pedali ya mafuta. Ukiuachia, springi inaurudisha katikati. Kaka yake, fundi wa mageti na madirisha, alikata mabomba, akayakunja kwa vipimo vya mchoro, na akachomelea kishikio cha kifaa hicho kwenye sakafu ya gari. Ilikuwa kazi safi. Mshono ule ulikuwa umelala sawasawa kama pindo la suruali.

Alhamisi saa tatu, gari lilitakiwa kwenye ofisi ya ukaguzi. Mkaguzi wa magari yaliyobadilishwa alifika mjini mara moja tu kwa miezi mitatu. Maabara ya hospitali kuu ilihitaji dereva wa kukusanya sampuli za damu kutoka zahanati za pembezoni, na msimamizi wake alikuwa amemwambia Dereva maneno machache: lete cheti kabla mwezi haujaisha, nafasi ni yako; usipoleta, nampa mwingine. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Hakukuwa na Alhamisi nyingine.

"Naukata," Kaka alisema. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha. "Jumatatu nashika grainda, dakika tano umetoka. Lazima nimekosea kukunja mahali fulani. Mdogo wangu, geti likikosewa linakwaruza tu sakafu. Hili lingekuua."

"Hujui kama umekosea."

"Umeona lenyewe lilivyofanya!"

"Nimeona kilichotokea. Sijaona kilichosababisha." Dereva alitazama saa ya mkononi, akaitoa kalamu nyuma ya sikio. "Nipeni mpaka Jumatano jioni. Nikijua sababu na ikatengenezeka, naenda. Nisipojua, kata, na mimi sitasema neno."

"Utasema," Mama alijibu.

"Sitasema."

"Wewe? Ulianza kubishana kabla hujaota meno." Lakini alisogea kando, wakalisukuma gari ndani.

*

Jumapili Dereva alifungua daftari, akaugawa ukurasa kwa mstari. Kushoto aliandika yanayojulikana, kulia yanayodhaniwa. Upande wa kulia ulijaa haraka.

Alianza na mkono. Aling'oa pini zake tatu, akaukagua kila mahali unapogusa kitu, akatafuta alama ya kukwaruzana. Hakuna. Aliurudisha, akaushusha na kuuachia mara mia moja huku gari limezimwa. Mara zote mia ulirudi. Akaandika kushoto: mkono, sawa.

Kisha kebo ya mafuta, ule waya mwembamba unaopita ndani ya ala yake kutoka kwenye pedali, kupenya ukuta unaotenganisha kabini na injini, hadi kwenye mlango wa hewa wa injini. Aliichomoa upande wa pedali, akaivuta kwa vidole. Iliteleza vizuri, ila katikati ilikuwa na ugumu kidogo, mfano wa mtu anayesita kabla ya kusema ndiyo. Akaandika kulia: kebo, labda uchafu.

Alimwita Kaka.

"Siku uliyochomelea kishikio, ulitoa betri?"

"Nilitoa. Nyaya zote mbili. Ulinikumbusha mara tatu, utadhani mimi nimeanza kazi jana."

"Una uhakika?"

"Muulize huyo." Akaashiria chumba cha jirani.

"Alitoa!" Wifi alijibu kutoka kwenye cherehani, bila kuinua mguu. "Akaja kuiweka chini ya meza yangu. Asidi ikadondoka, sketi ya mteja ina tundu mpaka leo. Nimemwambia mteja ni mtindo."

Dereva akaandika upande wa kushoto: kuchomelea, salama. Akapiga mstari chini yake.

Jumatatu walitia kebo mafuta mepesi ya mashine, wakainua mbele ya gari juu ya matofali ili magurudumu yazunguke hewani, wakaliwasha. Dereva alishusha na kuachia mkono kwa nusu saa. Haukukwama hata mara moja. Kaka, aliyekuwa anakata nondo za dirisha, alianza kuimba.

"Nilisema! Uchafu tu. Ungeniuliza mapema."

"Jumamosi uliniambia ni kukunja."

"Jumamosi niliogopa. Mtu mwenye hofu hahojiwi."

Dereva hakuimba. Alijua gari lililopona bila ugonjwa wake kujulikana huweza kuugua tena, na mara nyingi huchagua njia panda. Usiku alilala vizuri, kwa kuwa kukesha hakungebadilisha chochote, na Jumanne asubuhi alirudi kwenye daftari na swali moja: Jumamosi ilikuwa na nini ambacho Jumatatu haikuwa nacho?

Jibu halikuhitaji akili nyingi. Jumamosi alikuwa anafanya mazoezi ya ukaguzi. Alikuwa amewasha taa kubwa, taa za nyuma, na feni ya kabini kwenye mwendo wa mwisho, kama mkaguzi anavyoagiza. Jumatatu hakuwasha kitu.

"Taa na mafuta vinahusiana vipi?" Kaka aliuliza. "Taa ni umeme. Mafuta ni kamba inavutwa. Ni sawa na kusema geti limegoma kwa sababu redio iko juu."

"Sijui. Ndiyo maana tunapima."

Gari likainuliwa tena. Wifi aliacha cherehani, akapewa saa na daftari, maana mwandiko wake ulisomeka na wa Kaka haukusomeka. Dereva aliketi kwenye usukani. Taa zote, feni yote. Alishusha mkono na kuuachia kila baada ya sekunde kumi.

Dakika ya tano, sawa. Dakika ya nane, Dereva alihisi mkono unarudi kwa uvivu. Dakika ya kumi na moja aliuachia, ukabaki chini. Injini ikanguruma. Akazima.

"Kumi na moja na nusu," Wifi alisema, akaandika. Kisha akaenda mbele, boneti ilikuwa wazi, akataka kuona huyo mkaidi ndiye yupi. "Ni huu?" Akaushika. Akauachia haraka, akapuliza vidole. "Wifi, huu waya una homa."

"Umeegemea injini?"

"Haujaegemea popote. Umening'inia hapa peke yake, na unachoma."

Waya wa kuvutia mlango wa hewa hauna kazi na umeme. Hauna sababu ya kupata joto, ila moja tu.

"Nipe mita," alisema. "Ile ya njano. Ncha nyeusi iguse injini, mahali penye chuma kitupu. Nyekundu iguse bolti ya bodi, ile iliyong'aa pale kwenye ukuta wa kabini. Nawasha taa bila kuwasha injini. Nisomee."

Wifi alipanga zile ncha mbili kwa uangalifu wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. "Mbili nukta sita."

"Rudia."

"Mbili nukta sita. Ilitakiwa ngapi?"

"Volti sifuri nukta moja. Ikizidi sana, sifuri nukta mbili."

"Sasa hizo mbili nukta sita ni za nini?"

Dereva alimweleza, na maelezo yenyewe si marefu. Umeme hutoka kwenye betri kwa nyaya, ukafika kwenye taa, ukafanya kazi. Lakini ni lazima urudi kwenye betri, na katika gari hurudi kwa kupitia chuma cha bodi. Katika gari hili upande wa hasi wa betri ulifungwa kwenye injini. Injini nayo imekalia raba, ili isitikise abiria, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo kati ya bodi na injini kuna mkanda wa shaba uliosukwa, wa upana wa vidole viwili, ambao kazi yake ni hiyo tu: kuurudisha umeme wa gari zima kwenye betri.

"Na mkanda ukikatika?"

"Umeme hautakaa nje kusubiri fundi. Utatafuta chuma kingine chochote kinachounganisha bodi na injini."

Wifi alitazama kebo ya mafuta, iliyoanzia kwenye pedali na kuishia kwenye injini. "Ah," alisema. "Maskini. Kabebeshwa mizigo ya watu."

Ndani ya ala ya kebo kulikuwa na utando wa plastiki. Waya ukipata moto, plastiki hulainika na kuung'ang'ania. Taa zikizimwa, hupoa na kuuachia.

Mkanda wenyewe ulikuwa nyuma ya injini, chini, mahali ambapo jicho halifiki. Wifi alileta kioo chake cha mkononi, akakiingiza kwa chini, na Dereva akamulika tochi akiwa amelala kifudifudi juu ya madgadi, kiti chake cha magurudumu kikiwa kimefungwa breki. Walichokiona kwenye kioo kilikuwa kishungi cheusi. Kati ya nyuzi mia kadhaa za shaba, zilizobaki zimeshikana zilikuwa nne.

Kaka alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. "Kutu. Gari la miaka ishirini na miwili unategemea nini?"

"Kutu imekula nusu," Dereva alisema. "Ile ya kijani hapo juu ni yake. Lakini tazama ncha. Zimeyeyuka, zimekuwa vidonge. Kutu haiyeyushi shaba. Hapa umepita umeme mwingi, zaidi ya unaotumika kwenye gari hili lote." Alijisukuma akarudi kwenye kiti, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kaka. Siku ya kuchomelea, kibanio kiliwekwa wapi?"

"Kibanio gani?"

"Cha mashine yako."

Kaka alikuna shingo. Mashine ya kuchomelea ina nyaya mbili nene: mmoja unashika kijiti kinachoyeyuka, mwingine una kibanio kinachobanwa kwenye chuma ili umeme upate pa kurudia.

"Kwenye injini," alisema.

"Kwa nini kwenye injini?"

"Sasa ningebana wapi? Sakafu yote ulikuwa umeipaka rangi. Siku nane nilikuona umelala kwenye mkeka unapiga msasa, halafu brashi, halafu msasa tena. Nije mimi niikwangue? Injini ilikuwa chuma kitupu." Alinyanyua mabega. "Chuma ni chuma."

Kwa miaka kumi na minane alikuwa ametengeneza mageti, na katika geti maneno hayo ni kweli tupu. Geti lote ni chuma kimoja. Ukibana kona ya chini ukachomelea kona ya juu, umeme utafika bila kukuuliza njia. Gari silo hivyo. Gari ni vipande vya chuma vilivyotenganishwa na raba, gundi na rangi, vikaunganishwa tena kwa nyaya chache katika mahali palipochaguliwa. Alipobana kibanio kwenye injini na kuchomelea kwenye sakafu, umeme wote wa mashine yake, zaidi ya ampea mia moja, ulilazimika kupita kwenye ule mkanda uliokwisha kuliwa nusu. Betri ilikuwa salama chini ya meza ya cherehani. Mkanda uliungua.

Kaka alielewa kabla dada yake hajamaliza kueleza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni kibanio."

"Kibanio hakitembei chenyewe."

"Hakitembei. Na mimi niliuliza betri, sikuuliza kibanio." Dereva alifungua daftari, akamwonyesha mstari wa Jumapili. "Soma. 'Kuchomelea, salama.' Nimeandika upande wa yanayojulikana, na nilikuwa sijui. Umetupotezea mkanda. Mimi nimetupotezea siku mbili." Akaufuta ule mstari kwa kalamu, pole pole, ukaendelea kusomeka chini ya wino.

"Yaani mume wangu," Wifi alisema, "umeionea huruma rangi, ukaunguza gari."

Kaka alijaribu kukasirika, ikamshinda, akacheka akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akanyanyuka. Alikwenda kwenye mashine yake, akaupima waya wake mnene kwa macho, na kwa msumeno akakata vipande viwili vya urefu wa mkono kutoka upande wa kibanio.

"Huo si wa kazi yako?" Dereva aliuliza.

"Kuanzia leo nitasogea karibu na ninachochomelea. Nimeona faida yake."

*

Jumatano Kaka aliikwangua rangi ya dada yake kwenye miraba miwili ya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kwa uso wa mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Akafunga kipande cha kwanza cha waya kati ya injini na bodi, cha pili kati ya betri na bodi, akakaza bolti, akapaka grisi juu ili kutu isirudi. Kebo mpya ya mafuta ilipatikana kwenye duka la vipuri, ikiwa ndefu kwa sentimita mbili, wakairekebisha. Wifi alipima bila kuambiwa.

"Sifuri nukta sifuri nne."

"Rudia."

"Wifi, hii namba nzuri, iache ilivyo." Lakini alirudia, na ilikuwa ileile.

Waliwasha kila kinachowaka kwenye gari lile kwa dakika arobaini. Kebo ilibaki baridi. Mkono ulirudi mara zote.

Saa kumi Mama alitokea. Alikuwa na mkoba wake, ule wa kwendea safari. Alifungua mlango wa abiria, akaketi, akapakata mkoba.

"Unaenda wapi, mama?" Kaka aliuliza.

"Si mmesema limepona? Washa hizo taa."

"Mama, magurudumu yako hewani."

"Basi yashusheni. Mnataka niende na nini?"

Yakashushwa. Dereva aliuzunguka uwanja na mama yake pembeni, taa zote zikiwaka mchana kweupe. Kila walipoukabili ule ukuta, Mama alisema, "Acha," na Dereva aliuachia mkono. Gari likalegea, na kwa msukumo mdogo wa breki likasimama kabisa kabla ya kokoto.

"Tena," Mama alisema.

Walifanya hivyo mara saba. Mara ya sita na ya saba Mama alikuwa hatazami kokoto. Alikuwa anatazama mikono ya binti yake. Mwisho akafungua mlango.

"Ukaguzi ni kesho?"

"Kesho saa tatu."

"Blauzi yako ya bluu haina kifungo cha pili. Mpe wifi yako akushonee, usiende umefunga na pini kama mzigo."

Hakuna aliyeuliza alichomaanisha.

*

Kaka ndiye aliyeendesha mpaka ofisi ya ukaguzi, kwa kutumia pedali, akilalamika njia nzima kuwa bomba linamgonga goti. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, na nyundo ndogo mfukoni. Aligonga kishikio mara tano, akasikiliza kila mlio. Aliuvuta mkono kwa kipimo cha uzito. Alilala chini ya gari mwenyewe na kutoka na vumbi mgongoni. Baadaye akawaita mezani, akavuta fomu, akaanza kusoma maswali kwa sauti isiyo na mlima wala bonde.

"Tangu kifaa kifungwe, kumetokea hitilafu yoyote?"

"Hakuna," Kaka alijibu upesi, na chini ya meza akamkanyaga dada yake kumtahadharisha.

Dereva aliinamisha macho. Meza ilikuwa ya vyuma vyembamba, haikuficha kitu.

"Kaka, umenikanyaga?"

"Mimi?"

"Kiatu chako kiko juu ya changu. Nakiona." Aliinua macho. "Kuhisi, sihisi. Ungenifinya mkono."

Mkaguzi alivua miwani, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kaka aliuondoa mguu wake taratibu.

"Hitilafu ilikuwepo," Dereva alisema. "Mafuta yalikwama Jumamosi." Akaweka daftari mezani, akalifungua mahali penyewe.

Mkaguzi alisoma kurasa nne. Kwenye ule mstari uliofutwa alikawia, akausogeza karibu na mwanga. Halafu akamwuliza Kaka, "Wa kibanio ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Miaka kumi na moja nauliza swali hili. Naambiwa 'hakuna'. Wewe pia ulitaka niandike hivyo." Aliivaa miwani. "Sasa nimeambiwa kuna, itabidi nipime zaidi kuliko ninavyopima mengine. Wekeni gari kivulini. Taa zote, feni yote, dakika thelathini. Mita nitatumia yangu."

Walisubiri nje. Kaka alishika kiuno.

"Si nilikwambia?" alinong'ona.

"Hukuniambia. Ulinikanyaga."

"Angeandika 'hakuna' tungekuwa tumeshaondoka!"

"Na siku moja ingetokea ajali ya gari la namna hii, wangesoma fomu hiyohiyo. Nitabeba damu za watu humu, kaka. Sitaki karatasi inayosema uongo kunihusu mimi."

Dakika thelathini zilipita. Mkaguzi aligusa kebo kwa nyuma ya vidole, mara mbili, akasoma mita yake, akajipinda kwenye mlango na kuukagua tena mkono, pini kwa pini. Kwenye pini ya katikati alisimama.

"Hapa pana nati moja. Mtikisiko wa barabara utailegeza. Nataka ya pili juu yake, ifungwe kabla gari halijatoka getini."

Kaka alikuwa na nati za ukubwa ule mfukoni, kama alivyokuwa na nati za kila ukubwa mifukoni. Mkewe huzikuta akifua. Aliifunga, akaikaza, akamwachia mkaguzi ajaribu kwa mkono wake. Haikusogea.

Ndani, mkaguzi aliendesha kalamu kwenye fomu kwa muda mrefu. Aliandika: lirudi baada ya miezi sita kukaguliwa mkanda na kebo. Kisha akampeleka Dereva uwanjani kwa jaribio la kuendesha, wao wawili tu. Kupanda mwinuko na kusimama katikati yake. Kurudi nyuma kati ya nguzo. Kusimama kwa ghafla, mara tatu. Kaka alitazama kutoka kwenye ukuta, na alipoona gari linasimama mara ya tatu alijikuta naye anasukuma hewa mbele kwa mkono wa kushoto.

Muhuri ulipigwa saa sita kasoro robo. Mkaguzi hakutoa pongezi. Alimkabidhi Dereva cheti kwa mikono miwili, akamwita aliyefuata.

Kaka alikunja kiti cha magurudumu, akakilaza nyuma, akaja kukaa upande wa abiria. Alisahau mkanda wa kiti, akakumbushwa, akaufunga. Walipofika getini, Dereva alisimama. Barabara kuu ilikuwa mbele, malori na pikipiki zikipita kwa fujo ya kawaida. Akawasha taa ya kushoto.

"Nyumbani ni kulia," Kaka alisema.

"Najua. Ofisi ya maabara inafunga saa nane."

"Nimevaa ya kazini mimi! Nina grisi mpaka kwenye masikio."

"Utabaki kwenye gari."

Lori la mchanga lilipita, kisha pikipiki mbili, kisha pakatokea nafasi. Dereva akaushusha mkono kuelekea paja, kiasi kinachotosha tu, akaingia barabarani.